Gari la mkopo: nilikopa milioni 10, nimeshalipa milioni 10, bado nadaiwa milioni 8.6 na ushee

#1 BintiKimara

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisome mpaka mwisho, ni ndefu kidogo. Waliokuja kunisema naomba wawapishe kwanza wenye ushauri.

Mimi ni mamantilie, ila wa kupeleka. Napika nyumbani Kimara, kufika saa tano asubuhi nasambaza kwenye ofisi za Posta na Upanga. Nilikuwa nakodi bajaji kila siku, na nusu ya faida ilikuwa inaishia kwa dereva. Mwaka jana mwezi wa pili nikapata Toyota IST ya mkononi kwa milioni 13. Mimi nilikuwa na milioni 4.2.

Zilizobaki nikachukua kwenye kampuni moja ya mikopo ya magari, jina naliacha. Kijana wao akaja mpaka jikoni. Nikamwuliza riba ikoje, akasema, "Asilimia 3 tu kwa mwezi dada, benki watakuzungusha miezi mitatu." Mkopo milioni 10, miezi 24, rejesho 716,700 kila tarehe 5. Mkataba kurasa 14, Kiingereza kitupu. Nilisaini kwenye kona ya kila ukurasa, yeye akinifunulia haraka haraka kama anahesabu noti.

Mkononi ikafika 8,813,100. Walikata ada ya uchakataji 300,000, kifaa cha GPS 350,000, bima kubwa 536,900. Nikasema sawa, gari si limepatikana.

Nimelipa kila mwezi. Nilichelewa mara moja tu, Januari mwaka huu. Desemba ofisi zilifunga, wateja wakaenda kwao kula sikukuu, nikalipa tarehe 14 badala ya tarehe 5. Siku 9. Hilo kosa nalikubali.

Sasa wiki iliyopita Alhamisi nimetoka kuweka mafuta sheli pale Ubungo, nyuma kuna hotpoti sita, wali, maharage, samaki wa kukaanga. Nawasha gari, kimya. Taa za dashibodi zinawaka, injini hata kukohoa haikohoi. Vijana wa sheli wakalisukuma pembeni, fundi akaja kufungua boneti, akafunga. Akaniuliza, "Mama, gari hili la mkopo?" Nikajua.

Nikapiga simu. Yule yule kijana wa jikoni kwangu akasema nina faini ya 487,300, nilipe ndipo waliwashe. Nikawalipa nusu palepale kwa simu, wakaliwasha baada ya dakika arobaini. Chakula kilifika saa saba, ofisi mbili zikakataa kupokea.

Jioni nikaomba taarifa ya mkopo, wakanitumia WhatsApp. Inasomeka hivi, kabla ya hiyo nusu niliyolipa:

Marejesho 10 yaliyobaki: 7,167,000
Bima kubwa mwaka wa pili: 536,900
GPS mwaka wa pili: 180,000
Ada ya ufuatiliaji, mara mbili: 300,000
Faini (asilimia 1 ya rejesho kwa kila siku ya kuchelewa): 487,300
Jumla: 8,671,200

Marejesho 14 niliyolipa ni zaidi ya milioni 10. Hakuna mtu aliyewahi kufika kwangu "kunifuatilia", sembuse mara mbili. Nikauliza nikitaka kumaliza deni lote leo ni kiasi gani, wakasema hiyo hiyo jumla. Je, hii ni halali? Nifanyeje?

#2 Nyundo wa Tandika

Kausha damu hao. Pole sana dada.

#3 Chumvi Kidogo

Umechukua hela ya watu kwa akili timamu, umesaini kurasa 14, leo unalia. Mwendokasi si yapo hapo hapo Kimara?

#4 BintiKimara

Chumvi Kidogo, mwendokasi na hotpoti sita? Wewe umewahi kupanda pale Kimara Mwisho?

#5 Dereva Mstaarabu

Mimi yalinikuta na Succeed ya kubebea mizigo. Walikuja usiku na breki dauni, wakaibeba getini. Kuitoa yadi nikakuta ada ya kuegesha 10,000 kwa siku, siku 19. Niliacha gari. Na nikaja kuambiwa limeuzwa na bado nadaiwa. Dada usiliache likafika yadi, pambana likiwa mkononi mwako.

#6 KalamuNyekundu

BintiKimara, mimi ni mhasibu, nimeikalia taarifa yako na kikokotoo. Nianze na riba, kwa sababu wengi humu wanadhani 3 ni 3.

Walichofanya ni kuchukua milioni 10, mara asilimia 3, mara miezi 24. Inakuja milioni 7.2. Wakajumlisha na mtaji, yaani zile milioni 10 zenyewe, wakagawa kwa 24. Huo ni mtindo wa flati. Maana yake mwezi wa 24, ukiwa umebakiza kama laki nne za mtaji, bado unatozwa riba ya milioni 10 nzima kana kwamba hujarudisha hata shilingi.

Riba ingekuwa ya salio linalopungua, yaani unatozwa kwa mtaji uliobaki tu, kwa asilimia 3 hiyo hiyo, rejesho lako lingekuwa kama 590,500, na riba yote ya miezi 24 ingekuwa kama milioni 4.17. Unalipa milioni 3 za ziada kwa ajili ya neno moja ambalo kijana hakulitaja jikoni.

Nimegeuza hesabu: rejesho la 716,700 kwa milioni 10, kwa salio linalopungua, ni karibu asilimia 4.9 kwa mwezi. Kwa mwaka inakaribia 59. Mikopo ya benki kwa wastani inacheza karibu na 15 kwa mwaka. Na ukitumia hela iliyofika mkononi, zile 8,813,100, inapita 6 kwa mwezi.

Sasa faini. Asilimia 1 ya rejesho kwa siku, yaani 7,167. Gawa 487,300 kwa 7,167 unapata siku 68. Toa 9 za Januari ulizozikubali. Zinabaki 59. Hesabu kutoka tarehe 5 Februari mpaka tarehe 5 Aprili: ni siku 59 kamili. Swali langu kwako ni moja: Februari na Machi ulilipa tarehe ngapi?

#7 BintiKimara

Februari tarehe 4. Machi tarehe 5 asubuhi. Meseji za malipo ninazo zote.

#8 Afisa Aliyechoka

Nilikuwa nasubiri hilo jibu. Nimefanya kazi ya afisa mikopo kwenye kampuni za aina hii miaka sita, nimeacha, sasa nafuga kuku. Ngoja nikuoneshe kilichotokea ndani ya mfumo.

Ukilipa, hela yako haiendi kwenye rejesho moja kwa moja. Kuna foleni. Inaanza kula faini, halafu ada, halafu riba, mwisho kabisa mtaji. Januari ulichelewa siku 9, faini 64,500. Hukuilipa kwa sababu hakuna aliyekwambia, sivyo? Februari umeleta 716,700 yako kamili na kwa wakati. Mfumo ukachota 64,500 ya faini kwanza. Rejesho la Februari likapungua 64,500. Kwa macho ya mfumo hujalipa Februari.

Na hapa ndipo wanapokula. Kilichopungua ni 64,500, lakini faini inapigwa kwenye rejesho zima la 716,700. Machi ukaleta tena kamili, foleni ile ile: faini ya Februari inakula, Machi nayo inapungua. Utalipa kwa wakati mpaka mwisho wa mkataba na kila mwezi utaonekana mchelewaji. Sisi ofisini tulikuwa tunawaita "wateja wa maji", maana wanajaza pipa lililotoboka. Siyo jambo la kujivunia, nakwambia tu.

Wangekutoza kwa kile kilichopungua kweli, asilimia 1 ya 64,500 ni 645 kwa siku. Siku 59 ni kama 38,000. Linganisha na 422,800.

Ada ya ufuatiliaji: afisa akijaza fomu kwamba amekufuata, mfumo unakutoza 150,000, na yeye anapata kitu kidogo mwisho wa mwezi. Waombe fomu mbili za ufuatiliaji, zenye tarehe, jina la aliyekuja na saini yako. Hawatakuwa nazo.

GPS: fungua mkataba, tafuta kama kuna mahali pameandikwa malipo ya kila mwaka. Kama kilinunuliwa kwa 350,000 mara moja, hiyo 180,000 imetoka hewani.

Bima: usiulize mtu. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, wa kuhakiki bima, weka namba ya gari, uone mwenyewe.

#9 MwanaMombasa

Pole dadangu. Huku Kenya tuna kifungu 44A cha sheria ya mabenki, kilianza 2007. Mkopo ukishakuwa mbovu, riba haiwezi kupita kile kiasi cha mtaji uliokuwa unadaiwa siku hiyo. Kimewaokoa wakopaji kadhaa mahakamani. Nyinyi huko hamna?

#10 Mzee wa Gerezani

MwanaMombasa, ya kwenu tumeyasikia, asante. Kwa huku kwetu yeye aanzie kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Iligawa watoa huduma madaraja manne. La kwanza wanaopokea amana, la pili ndio hawa wakopeshaji wasiopokea amana, la tatu SACCOS, la nne vikundi kama VICOBA. Orodha ya wenye leseni daraja la pili ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu (BoT). Hatua ya kwanza kabla ya kubishana hata shilingi: wamo au hawamo? Na jina kwenye mkataba lifanane na jina kwenye orodha, siyo lile la kwenye bango barabarani.

Kama wamo, ukomo wa riba uliowekwa na BoT kwa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Watakwambia wao wako 3, wako ndani. Hapo ndipo unawawekea mezani ile 4.9 ya Kalamu.

Halafu kuna kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Malalamiko yanaanza kwao kwanza, kwa maandishi. Wasipokujibu au wakikujibu ovyo, unayapeleka dawati la malalamiko la BoT. Ukiruka ukaenda BoT moja kwa moja watakurudisha kulekule, utapoteza nauli.

#11 Chumvi Kidogo

Kwa hiyo mnamfundisha asilipe deni?

#12 Mzee wa Gerezani

Nani kasema asilipe? Ndiyo kosa wanalofanya wengi. Dada, rejesho la mwezi huu lipa, na lipa kwa tarehe. Ukisusa, ubishi wako wote unageuka "mteja sugu", jina linaenda kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na kesho hata SACCOS wanakuangalia kwa jicho la pembeni. Bishia yale ya ziada, rejesho lenyewe usiliguse.

#13 BintiKimara

Jamani. Nimeingia TIRA sasa hivi, mikono inatetemeka.

Bima ya mwaka jana ni kubwa, sawa. Ya mwaka huu, iliyoanza Februari, ni NDOGO. Ya mtu wa tatu, gari langu mwenyewe hailipi! Wamenitoza 536,900 wakanikatia bima ya 118,000. Miezi miwili na nusu naendesha katikati ya Kariakoo nikijua nina bima kubwa. Ningegonga ningejua leo.

#14 Nyundo wa Tandika

Loh.

#15 Dereva Mstaarabu

Piga picha ya skrini iwe na tarehe na saa. Sasa hivi, kabla hawajakata nyingine.

#16 Afisa Aliyechoka

Hiyo ndiyo turufu yako, itunze. Usiwapigie simu kwa hasira. Mkopeshaji anapenda simu kwa sababu simu haina nakala.

Andika barua, ukurasa mmoja tu. Usimwage machozi, usieleze hotpoti. Taja namba ya mkopo, halafu weka kila tozo unayoipinga kwenye mstari wake, pembeni yake kile unachotaka: fomu za ufuatiliaji, kifungu cha mkataba kinachoruhusu 180,000, stika na hati ya bima ya mwaka wa pili, na mchanganuo wa faini siku kwa siku. Mstari wa mwisho omba kiasi cha kumaliza mkopo leo, mtaji peke yake, riba peke yake. Chapa nakala mbili. Peleka mwenyewe mapokezi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Yule dada wa mapokezi atakwambia muhuri upo kwa meneja. Kaa kwenye kiti. Muhuri utapatikana.

#17 KalamuNyekundu

Kwenye kumaliza mkopo mapema, uingie na namba yako. Wanataka 7,167,000, yaani riba ya miezi kumi ambayo haijafika bado unailipa. Kwa mtaji wao wa flati umebakiza 4,167,000, na riba ya milioni 3. Kwa hesabu ya haki ya salio linalopungua, baada ya marejesho 14 unadaiwa kama 5,565,000. Wataanza na 7.1, wewe anza na 4.1. Mtakutana katikati, ila wao wasijue kwamba katikati unaijua.

#18 BintiKimara

Asanteni sana. Kesho sipiki. Naenda kuandika barua stationeri.

#19 BintiKimara

Wakuu, narudi na mrejesho. Siku 20 zimepita, samahani kwa ukimya.

Kwenye orodha ya BoT wamo. Barua nilipeleka. Kweli muhuri ulikuwa "kwa meneja". Nilikaa kwenye kiti saa moja na robo nikisoma mkataba wangu kwa kamusi ya simu. Kifungu cha GPS kinasema malipo ya mara moja.

Siku nne kimya. Siku ya tano kijana wa jikoni akapiga, sauti laini, "Dada haya mambo tungemalizana tu wenyewe." Nikamwambia nasubiri jibu la barua. Siku ya nane akapiga meneja. Nikamwambia nasubiri jibu la barua, na kwamba nakala ya pili nimeiweka kwenye bahasha ya kwenda BoT pale Mirambo. Bahasha kweli nilikuwa nayo, ila ndani hamna kitu, Mungu anisamehe.

Nikaitwa ofisini. Meneja, mwanasheria, na mtu wa mfumo mwenye kompyuta mpakato. Nilipotoa picha ya TIRA, meneja alimgeukia mwanasheria, mwanasheria akageukia dirishani. Wakasema ni kosa la wakala wa bima. Nikasema sawa, wakala si wangu.

Ada ya ufuatiliaji zote mbili wamefuta, fomu hazikuonekana. GPS 180,000 wamefuta. Bima wamebakiza 118,000. Faini walibishana sana, mtu wa mfumo akisema "mfumo ndio unavyohesabu". Nikamwambia mfumo umeandikwa na mtu. Wakabakiza 64,500 ya Januari, ile niliyolipa sheli wakaihesabu humo, na salio lake likaenda kwenye rejesho.

Kwenye riba hawakukubali kuhama flati hata kidogo. Mwanasheria alisema nimesaini, na kweli nimesaini. Walichokubali ni kunipunguzia nusu ya riba iliyobaki kama nitamaliza ndani ya siku 30. Yaani mtaji 4,167,000, riba 1,500,000, bima 118,000 na faini 64,500. Jumla 5,849,500, halafu watoe nilichokwisha kulipa baada ya taarifa ile. Wamenipa kwa barua, ina muhuri.

#20 KalamuNyekundu

Kutoka 8,671,200 mpaka 5,849,500. Umewatoa milioni 2.8. Bado iko juu ya 5,565,000 yangu kwa kama laki moja ukiacha bima na faini, lakini ningekuwa wewe ningechukua mbio.

#21 Chumvi Kidogo

Hongera. Mimi nilikuwa nakutania. Na mimi nina Noah ya mkopo, kesho naomba taarifa.

#22 MwanaMombasa

Na pesa za kumaliza utazitoa wapi ndani ya siku 30? Usije ukatoka kwa simba ukaingia kwa chui.

#23 BintiKimara

Hapana. Mume wangu amechukua SACCOS ya kazini kwao, riba ya salio linalopungua, nimekagua mwenyewe safari hii mstari kwa mstari mpaka karani akacheka. Kijumbe wa mchezo wetu nimembembeleza akanipa zamu yangu mapema. Kibubu nimevunja. Juzi Ijumaa nimelipa yote, risiti ninayo.

Bima kubwa nimekata mwenyewe, na TIRA nimehakiki nikiwa bado nimesimama kwa wakala.

Sasa nafuatilia kadi ya gari na barua ya kwenda TRA ili jina lao litoke. Jana wameniambia meneja yuko safari, nirudi Jumatatu.

Swali la mwisho: kile kidude cha GPS bado kipo chini ya usukani, kinawaka kijani. Fundi anataka 30,000 kukitoa. Nitoe?

#24 Afisa Aliyechoka

Usikiguse mpaka barua ya TRA iwe mkononi. Ukikitoa leo, mfumo utaandika gari limechezewa, na hiyo nayo ina ada yake.

#25 BintiKimara

Basi kiendelee kuwaka. Jumatatu saa mbili asubuhi niko kwenye kile kiti.